Bydgoszcz 2016 na Malezi ya Mrusha Mkuki



Nimepewa nafasi ya kuzungumzia riadha ya chipukizi, na najua wengi wenu mmekuja mkitarajia habari za mbio. Hapa Afrika Mashariki ukitaja riadha, watu huwaza mara moja mbio ndefu, vumbi la Iten na vijana wanaozunguka uwanja kana kwamba pumzi haiwaishii. Sina ugomvi na mbio. Zimetupa heshima kubwa. Lakini leo naomba tuwaache wakimbiaji waendelee na mizunguko yao, sisi tuingie katikati ya uwanja, kwenye nyasi zile ambazo kamera za televisheni huzipitia kwa sekunde chache tu. Nataka kuwasimulia fainali moja ya kurusha mkuki kwa wanaume, iliyofanyika katika mji wa Bydgoszcz, Poland, tarehe 23 Julai 2016, kwenye Mashindano ya Dunia ya Riadha ya vijana wa chini ya miaka 20. Nimeichagua hiyo kwa sababu ukiifuata vizuri, ukawafuata na vijana waliosimama jukwaani siku ile, utaona jinsi mrusha mkuki anavyopatikana, anavyolelewa, na mahali anapoweza kutupotea.

Mashindano haya yalianza Athens mwaka 1986 na hufanyika kila baada ya miaka miwili. Sharti la umri ni kwamba kijana asiwe ametimiza miaka 20 ifikapo tarehe 31 Desemba ya mwaka wa mashindano. Yale ya 2016 yalikuwa yafanyike Kazan, lakini Urusi ilipofungiwa kwa kashfa ya dawa za kuongeza nguvu, yakahamishiwa Bydgoszcz, mji uliokuwa umeshayaandaa mwaka 2008. Uwanja wenyewe umepewa jina la Zdzisław Krzyszkowiak, Mpoland aliyeshinda mbio za kuruka viunzi na maji katika Olimpiki ya Rome mwaka 1960.

Kuna jambo moja la kanuni ambalo lazima tulishike kabla hatujaenda mbali. Katika tufe, kijana wa chini ya miaka 20 hurusha tufe la kilo 6, wakati mtu mzima hurusha la kilo 7.26. Katika kisahani, kijana hupewa cha kilo 1.75 na mtu mzima cha kilo 2. Mkuki hauna huruma hiyo. Kijana wa miaka 18 au 19 hurusha mkuki uleule wa bingwa wa Olimpiki: gramu 800, urefu kati ya mita 2.60 na 2.70. Wenye umri wa chini ya miaka 18 ndio hupunguziwa hadi gramu 700. Kwa hiyo kijana akirusha mkuki katika mashindano ya chipukizi, umbali wake unaweza kuwekwa moja kwa moja kando ya umbali wa wakubwa, bila kuongeza wala kupunguza. Ndiyo maana yaliyotokea Bydgoszcz yaliwatikisa hata watu wasiofuatilia riadha ya vijana.

Kijana mwenyewe ni Neeraj Chopra wa India, aliyezaliwa tarehe 24 Desemba 1997 katika kijiji cha Khandra, wilaya ya Panipat, jimbo la Haryana. Familia yake ni ya wakulima. Alipokuwa mtoto alikuwa mnene, na wazazi wakampeleka mjini Panipat afanye mazoezi apunguze mwili. Huko, katika uwanja wa Shivaji, akawaona vijana wakirusha mkuki, naye akaomba ajaribu. Hakuna mtu aliyekwenda Khandra kutafuta mrusha mkuki. Mtoto alifika mahali ambapo mkuki ulikuwepo, na pakawa na mtu mkubwa kidogo wa kumwonyesha namna ya kuushika. Naomba walimu mliweke hilo moyoni, maana tutalirudia.

Mwanzoni mwa 2016, katika Michezo ya Asia Kusini iliyofanyika Guwahati, Chopra alirusha mita 82.23. Kiwango cha kufuzu kwa Olimpiki ya Rio kilikuwa mita 83.00. Alipungukiwa sentimita 77. Akaendelea kutafuta umbali huo miezi ya mbele, hakuupata, na tarehe 11 Julai mlango wa kufuzu ukafungwa. Siku 12 baadaye akaingia uwanjani Bydgoszcz akiwa ananolewa na kocha kutoka Australia, Garry Calvert.

Katika fainali ya mkuki wakati ule, waliofika walikuwa 12. Kila mmoja alipewa mirusho mitatu, kisha wanane bora waliongezewa mitatu mingine. Chopra aliumaliza ushindani katika mrusho wake wa pili. Mkuki ulitua mita 86.48.

Rekodi ya dunia ya vijana ilikuwa mita 84.69, iliyowekwa mwaka 2011 na Zigismunds Sirmais wa Latvia. Chopra aliipita kwa mita 1.79, pengo kubwa mno katika mchezo ambao rekodi huongezwa kwa sentimita. Na Sirmais huyo hakuwa mtu wa kusahaulika, kwani mwezi uleule wa Julai 2016 alikuwa ametoka kushinda ubingwa wa Ulaya wa wakubwa mjini Amsterdam. Wa pili siku ile alikuwa Johan Grobler wa Afrika Kusini kwa mita 80.59, karibu mita sita nyuma. Wa tatu alikuwa Anderson Peters wa Grenada, mita 79.65. India ikawa imepata bingwa wake wa kwanza wa dunia katika riadha, wa ngazi yoyote ile. Hadi leo ninapozungumza, mita 86.48 bado ndiyo rekodi ya dunia ya vijana.

Mwezi uliofuata, tarehe 20 Agosti, Thomas Röhler wa Ujerumani alishinda Rio kwa mita 90.30. Julius Yego wa Kenya akachukua fedha kwa mita 88.24. Shaba ilikwenda kwa Keshorn Walcott wa Trinidad na Tobago kwa mita 85.38. Pigeni hesabu wenyewe. Mrusho wa Bydgoszcz ungetosha kuchukua shaba ya Olimpiki, na mwenye mrusho huo alikuwa nyumbani kwa sababu ya siku 12. Sisemi kwamba angekwenda Rio angerusha umbali uleule. Hakuna anayeweza kuapa hilo. Ninachosema ni kwamba kijana alikuwa tayari wakati kalenda ilikuwa imeshafungwa, na maisha ya wanariadha wengi huamuliwa na jambo dogo kama hilo.

Sasa nataka tusogee karibu tuutazame mrusho wenyewe, kwa sababu watu wengi wanadhani kurusha mkuki ni kazi ya mkono. Wanamtafuta mwanafunzi mwenye misuli minene, wanampa mkuki, wanamwambia rusha. Ukimtazama mrushaji aliyefundishwa, utagundua kwamba mkono ni wa mwisho kabisa kufanya kazi. Anaanza kukimbia mbele akiwa ameubeba mkuki juu ya bega. Hatua zikiwa zimebaki chache, anaupeleka mkuki nyuma, mkono unanyooka, mwili unageukia upande, na miguu inaanza kupishana. Hapo kasi isipungue. Vijana wengi hupunguza kasi hapo kwa hofu, na mrusho wao hufa kabla haujaanza. Kisha unakuja mguu wa kushoto, kwa anayetumia mkono wa kulia. Mguu huo unakitwa chini ukiwa umenyooka. Goti likikunjika, nguvu yote iliyokusanywa katika mbio humezwa na ardhi. Goti likisimama imara, nyonga ya kulia husukumwa mbele, kifua hufunguka, bega hufuata, kiwiko hupita juu karibu na sikio, na mkono huchapa mwishoni kabisa. Kwa mabingwa, mkuki huondoka mkononi kwa kasi ya takriban mita 28 hadi 30 kwa sekunde, ambayo ni zaidi ya kilomita 100 kwa saa, ukiwa umeinuliwa kwa nyuzi thelathini na kidogo.

Kisha kanuni zinaingia. Mkuki ushikwe kwenye mshiko wake wa kamba. Urushwe juu ya bega au juu ya mkono, usizungushwe wala usitupwe kwa ubavu. Ncha ndiyo itangulie kugusa ardhi. Mrushaji asivuke mstari wa mviringo ulio mbele yake, na asiondoke kwenye njia yake kabla mkuki haujatua. Mrusho unaweza kuwa wa ajabu, lakini ncha ya kiatu ikigusa mstari, bendera nyekundu inapanda na kazi yote imekwenda bure. Kwa sababu hiyo utawaona wengi wakijiangusha kifudifudi mbele kidogo ya mstari baada ya kurusha. Chopra ni mmoja wao; huanguka kwa mikono miwili, kisha huinuka na mara nyingine hugeuka kushangilia kabla mkuki haujafika chini.

Kwa nini mkuki wa leo huanguka kwa ncha namna ile? Mwaka 1984 Uwe Hohn wa Ujerumani Mashariki alirusha mita 104.80 mjini Berlin. Viwanja vikaanza kuwa vidogo kwa mchezo huu, na usalama wa wanariadha wengine ukawa mashakani. Tena mikuki ya wakati ule ilielea na kutua kwa tumbo, waamuzi wakawa wanabishana kama ncha imegusa kwanza au la. Kuanzia 1986 kitovu cha uzito wa mkuki wa wanaume kikasogezwa mbele kwa sentimita 4, ncha ikawa inashuka mapema. Rekodi zikaanza upya, na tangu mwaka 1996 rekodi ya dunia ni ya Jan Železný wa Ucheki, mita 98.48. Hohn mwenyewe baadaye alikuja kumfundisha Chopra.

Nimewaeleza hayo ili tuelewe kwamba mtoto hawezi kuyapata kwa kuambiwa "tia nguvu." Ni mafunzo ya miaka. Na hapa ndipo ninapofika kwenye jambo lililonileta: watu waliosimama kwenye jukwaa la Bydgoszcz walipita njia gani baada ya hapo?

Tuanze na bingwa. Jeshi la India lilimwajiri kama ofisa mdogo katika kikosi cha Rajputana Rifles, akawa na mshahara na muda wa mazoezi. Mwaka uliofuata, 2017, alikwenda London kwenye mashindano ya dunia ya wakubwa. Alirusha mita 82.26 katika mchujo na hakuingia fainali. Mwaka 2018 alishinda Michezo ya Jumuiya ya Madola kule Gold Coast, Australia, kwa mita 86.47. Mnaona? Karibu miaka miwili baada ya Bydgoszcz, akiwa mtu mzima na kocha mwingine, alikuwa bado amepungukiwa sentimita moja na umbali aliourusha akiwa chipukizi. Mwaka 2019 kiwiko chake cha kulia kikamshinda, akafanyiwa upasuaji, akakaa nje msimu mzima. Alirudi Januari 2020 katika mashindano madogo mjini Potchefstroom, Afrika Kusini, akarusha mita 87.86 na kufuzu Olimpiki. Mjini Tokyo, tarehe 7 Agosti 2021, akashinda dhahabu kwa mita 87.58. Mita 90 hakuzivuka hadi Mei 2025, kule Doha, alipofika 90.23, akiwa na umri wa miaka 27. Na hata siku hiyo alishika nafasi ya pili.

Mzazi mwenye haraka angemkatia tamaa kijana huyu mwaka 2017, na pengine shirikisho lenye haraka lingemkatia tamaa mwaka 2019. Tangu Bydgoszcz hadi Tokyo ni miaka mitano, na ndani yake kuna kushindwa mchujo, kusimama palepale kwa miaka miwili, na kisu cha daktari. Yeyote anayedhani kwamba rekodi ya kijana ni ngazi ya kupanda moja kwa moja hadi Olimpiki, aifuate miaka hiyo mitano.

Wa tatu, Peters, anatufundisha zaidi. Grenada ni kisiwa cha watu laki moja na ushee. Siku ile Bydgoszcz alikuwa nyuma ya Chopra kwa mita 6.83. Baadaye akapata nafasi ya kusoma katika Chuo Kikuu cha Mississippi State, Marekani, akawa anafanya mazoezi huku anasoma. Mwaka 2019 mjini Doha, wakati Chopra anauguza kiwiko, Peters akawa bingwa wa dunia wa wakubwa kwa mita 86.89. Mwaka 2022 kule Eugene akautetea ubingwa kwa mita 90.54, na wa pili alikuwa Chopra kwa 88.13. Yaani kijana wa shaba alivaa taji la dunia la wakubwa mara mbili kabla kijana wa dhahabu hajalivaa hata mara moja. Chopra alilipata mwaka 2023 mjini Budapest. Paris 2024, wote wawili walikuwa tena jukwaani: Chopra fedha, Peters shaba.

Aliyewatangulia Paris anatoka katika kizazi hichohicho. Arshad Nadeem wa Pakistan, aliyezaliwa Januari 1997 huko Mian Channu, alikuwa wa tatu Guwahati siku ile Chopra alipoukosa mlango wa Rio kwa sentimita 77, na alipata shaba katika mashindano ya vijana ya Asia mwaka uleule mjini Ho Chi Minh. Hakuna aliyekuwa akimwandika magazetini. Paris alirusha mita 92.97, rekodi ya Olimpiki, na kuipa Pakistan dhahabu yake ya kwanza ya mchezaji mmoja mmoja katika historia ya Olimpiki. Miezi michache kabla ya hapo alikuwa amesema hadharani kwamba alikuwa na mkuki mmoja tu wa kiwango cha kimataifa, na umeshachakaa kwa miaka ya matumizi. Chopra, mpinzani wake kutoka nchi ambayo uhusiano wake na Pakistan mnaujua, alikuwa miongoni mwa waliosimama hadharani kusema hilo si jambo la kumfanyia mwanariadha wa kiwango kile. Nalisimulia hili kila ninapopata nafasi. Hao wawili wamekua pamoja katika mchezo huu tangu ujana wao.

Miaka minne kabla ya Bydgoszcz kulikuwa na kisa kingine. Julai 2012, Walcott alishinda mkuki katika mashindano ya dunia ya chipukizi mjini Barcelona kwa mita 78.64. Mwezi mmoja tu baadaye, akiwa na umri wa miaka 19, alishinda Olimpiki ya London kwa mita 84.58. Hakuwa amewahi kutokea mwanariadha aliyetwaa ubingwa wa dunia wa chipukizi na dhahabu ya Olimpiki ya mchezo wa mtu mmoja ndani ya mwaka mmoja. Kwao Toco walimpa heshima hadi mnara wa taa za meli ukaitwa jina lake. Kisha yakaja majeraha, na, ukiacha shaba ya Rio, miaka ya kurusha bila medali kubwa. Wengi wakamweka katika orodha ya waliong'aa mapema wakazima. Septemba 2025, tena Tokyo, akiwa na miaka 32, Walcott akawa bingwa wa dunia kwa mita 88.16. Wa pili akawa Peters. Chopra akawa wa nane. Sasa ukiuliza nani kati ya vijana wale alikuwa "hodari zaidi," jibu litategemea unauliza mwaka gani.

Tuje nyumbani, maana nyumbani pia tunaye mtu.

Julius Yego anatoka Nandi, katikati kabisa ya nchi ya wakimbiaji. Alipoanza, alijichongea mikuki kwa miti. Kocha wa mkuki hakuwa naye, basi akawa anaingia kwenye intaneti na kutazama video za Železný na Andreas Thorkildsen, anatoka, anakwenda kujaribu. Mwaka 2011 alishinda Michezo ya Afrika mjini Maputo. Mwaka 2012 aliingia fainali ya Olimpiki London, ileile aliyoshinda Walcott. Alipata nafasi ya kwenda Kuortane, Finland, nchi ambayo mkuki kwao ni kama mpira kwetu, akapata mtu wa kumtazama na kumsahihisha. Mwaka 2014 akashinda Jumuiya ya Madola mjini Glasgow, na Agosti 2015 mjini Beijing akawa bingwa wa dunia kwa mita 92.72, umbali ambao hakuna Mwafrika aliyeupita hadi sasa. Nyuma yake alikuwa Ihab Abdelrahman wa Misri kwa 88.99. Waafrika wawili, wa kwanza na wa pili duniani, katika mchezo tunaoambiwa si wetu! Paris 2024 Yego alikuwa wa tano kwa mita 87.72. Tokyo 2025, akiwa na miaka 36, alikuwa bado anaingia fainali. Julai mwaka huohuo alialikwa Bengaluru kwenye mashindano aliyoyaanzisha Chopra nchini kwake, akashika nafasi ya pili nyuma ya mwenyeji.

Kisa cha Yego husimuliwa kama hadithi ya kufurahisha, ya mtu aliyejifunza kwa kutazama video. Mimi kinanitia uchungu. Ubingwa wa dunia ulimjia akiwa na miaka 26, baada ya kupata kocha nchi ya mbali. Je, angekuwa na mkuki halisi na mwalimu anayeujua akiwa na miaka 14? Na wako wapi wenzake wa Nandi, wa Singida, wa Karamoja, wa Ruyigi, waliokuwa na mkono kama wake lakini hawakuwa na simu wala duka la intaneti? Uwanja wa Kasarani, Nairobi, ulipokea mashindano ya dunia ya chini ya miaka 18 mwaka 2017, na ya chini ya miaka 20 Agosti 2021. Dunia ya vijana ilikuja mlangoni kwetu mara mbili. Mikuki ililetwa, ikarushwa, ikafungwa ikarudi.

Afrika Kusini inatuonyesha kwamba si suala la bara. Marius Corbett alishinda dunia ya chipukizi mwaka 1994 mjini Lisbon, na miaka mitatu baadaye akawa bingwa wa dunia wa wakubwa mjini Athens kwa mita 88.40. Robert Oosthuizen alishinda dunia ya chipukizi mjini Beijing mwaka 2006. Grobler akaja kuchukua fedha Bydgoszcz. Kwao mkuki una ratiba katika michezo ya shule, una makocha, na mwanafunzi hukutana nao mapema. Kwetu, hata pale ambapo mkuki umo kwenye orodha ya mashindano ya shule, mara nyingi mtoto huushika mkuki wa kweli kwa mara ya kwanza siku ya mashindano yenyewe. Wiki nzima amekuwa akirusha ufito wa mwanzi.

Sisemi mwanzi ni mbaya. Kwa mtoto wa miaka 11 au 12 ni mzuri kuliko mkuki mzito, mradi umenyooka na una mshiko uliofungwa kamba. Mpira mdogo wenye uzito, hata jiwe laini la kiasi cha kiganja, humfundisha kupitisha kiwiko juu na kukita mguu wa mbele. Kinachoharibu ni kumrukisha hatua. Mikuki ya kisasa hutengenezwa kwa viwango vya umbali: kuna wa warushaji wa mita 60, wa 70, wa 80, wa 90. Ule wa mita 90 ni mgumu, haupindi. Mtoto anayerusha mita 40 akipewa huo, kosa lake lote linarudi kiwikoni na begani. Nimeona shule ikijivunia mkuki wa gharama iliopewa kama msaada, na vijana wakilalamika maumivu ya kiwiko mwezi mzima, wakaambiwa wavumilie. Kiwiko cha mtoto bado kinakua. Kikichanika kano, hakuna mafuta ya kuchua yatakayokirudisha. Chopra alikuwa na jeshi na madaktari nyuma yake. Mtoto wa kijijini nyuma yake ana mama yake tu.

Na usalama, tafadhali. Mwaka 2012 mjini Düsseldorf, Ujerumani, katika mashindano ya vijana, mwamuzi mwenye umri wa miaka 74 alichomwa na mkuki akafariki. Hiyo ni nchi yenye vifaa vyote na waamuzi waliosomea. Shuleni kwako basi asisimame mtu mbele ya anayerusha, hata kama yuko mbali. Warushe wote, kisha waende wote kuokota kwa pamoja, kwa kutembea, siyo kwa kukimbia. Mkuki uliochomeka ardhini unyanyuliwe kwa kusimamishwa wima kwanza, kwa sababu mkia wake unaweza kumtoboa jicho aliye nyuma. Ubebwe ncha ikiwa chini. Mwalimu asiyeweza kusimamia hayo asitoe mikuki stoo siku hiyo.

Wenzetu wa vyama vya riadha, ninao ujumbe mfupi kwenu. Msitumie mashindano ya vijana kutafuta medali kwa kuwachukua watu wazima na kuwapunguzia umri kwenye vyeti. Medali hiyo haina kesho, na nafasi ile ilikuwa ya mtoto fulani ambaye sasa hamtamjua. Mkimpata kijana mwenye mkono, mlindeni kwa miaka kumi, ikiwemo ile ambayo hatapata kitu.

Walimu, muhula ujao tengeni kipande cha uwanja kisichopitwa na watu. Tafuteni mianzi iliyonyooka, fungeni kamba, na mpimeni kila mwanafunzi wa darasa la sita hadi kidato cha pili, wavulana na wasichana. Andikeni majina na umbali kwenye daftari, pimeni tena baada ya miezi mitatu, na mtakayemwona anazidi wenzake kwa mbali, mpelekeni kwa kocha wa wilaya na daftari hilo mkononi. Msimpeleke mwenye misuli. Mpelekeni anayejua kukita mguu. Na kocha wa wilaya akikuambia kwamba mkuki si mchezo wetu, mwambie mita 92.72 zilirushwa na mtu wa Nandi.